Maziwa ya Choo cha Wageni

Chekeni polepole, wenzangu. Mimi ndiye kifungua mimba, ninalea wadogo zangu tangu wazazi watuache, kwa hiyo kibarua cha kuosha vyoo na kupika chai kiwandani nilikishika kwa mikono miwili. Nilikuwa bado najaribiwa, sijaandikwa kazi.

Meneja aliagiza kila tangi la choo litiwe chupa iliyojaa maji, ili choo kikivutwa kisile maji mengi. Chupa zikaisha kabla ya choo cha wageni. Nikawaza: kwetu maziwa ya jioni hulazwa kijitoni yasichache, na tangi ni baridi kama kijito. Nikazamisha humo chupa ya maziwa ya ofisi. Akili nyingi!

"Chebet, siku hizi maziwa hayachachi," meneja akanisifu. "Nitakuandika."

Jana wakaja wakubwa kutoka Nairobi. Walipokunywa chai, meneja akawapeleka choo cha wageni, vikombe mkononi, wakaone ujanja wake. Akafunua tangi, akainua chupa. Ilikuwa nusu.

"Chebet, maji gani haya meupe?"

"Ni ya chai, Bwana Meneja."

"Chai ipi?"

Nikatazama kikombe chake.

"Lakini kifuniko nilikikaza," nikasema.

Mkubwa aliyeongezewa chai mara mbili akaketi juu ya choo.