Daftari Lisilojua Walioanguka

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama katika matope ya jengo la ghorofa tatu mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, nikipokea daftari la ajali. Nilikuwa nimetoka chuo, na hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kama karani wa usalama. Mkuu wa ujenzi, tuliyemwita Papa Chef, alinipa sharti moja.

"Mama Masika, unaandika mutu mwenye iko na karatasi ya hospitali. Mwenye hana, unaacha. Bureau ya Beni hapana penda hadithi." Beni ndiko kulikokuwa na ofisi kuu ya kampuni, na jengo letu jingine.

Kurasa zilizotangulia zilijaa vidole vilivyokatwa na macho yaliyoingiwa na saruji. Ndiyo maana kampuni ilinunua glavu na miwani. Humo hamkuwa na hata mmoja aliyeanguka. Katika jengo lililozungukwa na jukwaa, yaani miti ya mikaratusi iliyofungwa kamba ili mafundi wasimame juu yake, jambo hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Jumatatu iliyofuata, fundi Kambale alianguka kutoka ghorofa ya pili. Wenzake walimpakia pikipiki hadi Vulamba, kwa mama anayeunga mifupa. Huku kwetu hospitali ni ya jeraha lenye damu. Mfupa hupelekwa kwa muungaji. Nilimfuata alasiri na kumkuta mguu umefungwa vijiti.

"Mama ya daftari," akanitania, "unakuya kuniandika ao kunizika?"

"Huna karatasi, Kambale."

"Lakini minaanguka juu ya mawe, hapana juu ya karatasi!"

Muungaji alicheka, kisha akasema, "Batu ya kwenu banakuya hapa kila mara. Sana sana siku ya Jumatatu."

Kambale alinieleza sababu. Mti mbichi ukifungwa pamoja na ganda lake, ganda hukauka na kuachana na mti Jumapili, wakati hakuna kazi. Jumatatu fundi akipanda, kamba huteleza nalo. Kumenya miti kulichukua siku mbili, nasi hatukuzitoa.

"Ile miti inaenda Beni," akasema, bila utani sasa. "Mudogo wangu Kasereka njo mwenye atapanda kule."

Nilimrudia Papa Chef.

"Unataka kuniharibia daftari? Karatasi iko wapi?"

"Iko Vulamba, Papa. Imelala, imefungwa vijiti."

Hakucheka. Kwa majuma kadhaa, kila nilipotoka kazini, nilikwenda kwa muungaji na kuandika kila jina alilolikumbuka, siku ya kuanguka, na mti uliohusika.

Miaka mingi imepita, na mwaka huu nimestaafu mapema. Ninyi makarani wa leo mnaoandika ajali katika simu, kabla ya kuhesabu waliomo, ulizeni sharti gani limewazuia wengine kuingia. Kasereka ni fundi mkuu sasa, na magoti yake yote mawili hukunjika vizuri. Barua niliyopeleka Beni wakati ule, pamoja na majina hayo, ilikuwa hii:

"Bwana Mkurugenzi,
Ninaambatanisha majina ya walioanguka. Hawana karatasi, wana miguu, nanyi mnaweza kuja kuitazama. Miti itakayowafikia Ijumaa ingali na ganda. Naomba Kasereka na wenzake wasipande mpaka yote imemenywa. Mkikataa, nijibuni kwa maandishi na mtie saini. Jibu hilo nitaliweka katika daftari la ajali, mahali pa kuandika chanzo."