Gia Kubwa ya Mbele na Maombi ya Mama Mkwe

Wewe ambaye naweza kukuachia mtoto na ufunguo wa nyumba niende sokoni bila kugeuka nyuma, ndiwe nataka kukuambia haya maneno. Nakumbuka asubuhi moja huko kwetu juu ya mji wa Nkubu, miaka ya tisini, nikiwa msichana tu wa watu na mimba ya pili. Mpaka leo nikiikumbuka nashusha pumzi.

Mwanangu, kifungua mimba wangu, Kendi, alikuwa na mguu mmoja dhaifu. Homa ya utotoni ndiyo ilimwachia hivyo. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Unateremka bonde lote, unavuka daraja la mbao, halafu unapanda kilima cha kukufanya uongee na Mungu hata kama hukuwa umepanga. Nilikuwa nambeba mgongoni. Sasa tumbo likakua, mgongo ukakataa. Nikajua tusipopata njia nyingine mtoto atakaa nyumbani. Mimi nilijulia kusoma kwa gumbaru, ile shule ya watu wazima, jioni, nikiwa tayari bibi ya mtu. Sikutaka Kendi angoje kama mimi.

Baba yake, Murithi, alikuwa fundi wa mawe. Mwalimu mmoja mgeni akirudi kwao alimwachia baiskeli ya mashindano, ile ya tairi nyembamba na usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa nzuri kwa barabara tambarare. Lakini gia zake za nyuma zilikuwa ndogo ndogo zote, na kilima chetu kinataka gia kubwa. Murithi alikuwa anafika katikati anashuka, anasukuma. Basi akatafuta huko Nkubu rundo lingine la gia za nyuma, la baiskeli ya milimani iliyovunjika. Ile kubwa yake ilikuwa pana kama kisahani cha chai. Akaifunga mwenyewe, akaweka na kiti kidogo cha mbao kwa keria, pale nyuma pa kubebea mzigo. Jioni akaijaribu peke yake, akapanda kilima chote bila kushuka. Nilifurahi, nikasahau sufuria jikoni.

Asubuhi Kendi akavaa sare. Nilikuwa nimeshamwinua nimkalishe, mama mkwe akatoka nyumbani kwake na leso begani.

"Mama Kendi, mtoto anaenda wapi na kitu hakijaombewa?"

Kwetu kitu kipya hakibebi mtu kabla kiombewe, hiyo nilijua. Lakini mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuomba kwa jumla. Siku ng'ombe aliletwa, aliombea kila chuchu peke yake, ikifika ya nne sisi tumechoka kufumba macho. Nikamwambia, "Mama, tumechelewa. Mungu anaijua yote kwa pamoja."

"Yeye anaijua. Ni wewe huijui. Shusha mtoto."

Nikamshusha, nimenuna. Murithi akainua gurudumu la nyuma, na mama akaanza. Kila kitu anauliza kwanza kazi yake, ndio aombe akijua anaomba nini. Breki zikaombewa. Tairi zikaombewa. Akafika kwa ule mkono mdogo unaning'inia nyuma, wa kusukuma cheni kutoka gia moja mpaka ingine, akauombea pia. Halafu akaangalia mbele, kwa zile gia mbili za pedali.

"Na hizi mbili?"

"Hii ndogo ni ya mlima, mama. Hii kubwa ni ya tambarare na mteremko."

"Nionyeshe kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma pamoja."

"Hizo siwezi tumia pamoja."

"Siku ukisahau?"

"Sisahau, mama."

"Wewe? Juzi si ulienda kanisa na kiatu kimoja cha ndugu yako?"

Kendi akacheka. Murithi, kumaliza maneno tu, akaweka cheni kwa ile kubwa ya mbele, akazungusha pedali na mkono, akavuta gia ya nyuma. Cheni ikapanda kwa kile kisahani, ikakaza kama kamba ya ng'ombe amekataa kwenda sokoni. Ule mkono mdogo ukavutwa mbele mpaka ukanyooka. Pedali ikagoma. Cheni ilikuwa fupi, ilikatwa kwa kipimo cha zile gia ndogo za zamani. Alikuwa amebadilisha gia, akaacha cheni ile ile.

Sisi wawili tukaelewa bila kuambiana. Angeteremka bonde na gia kubwa ya mbele. Akitoka tu darajani mlima unaanza, na mkono wake ungekimbilia kubadilisha gia ya nyuma kwanza. Kwa nguvu ya mguu, ule mkono mdogo ungevunjika uingie kwa spoki, gurudumu lishike ghafla, na mtoto wangu nyuma, maji yako hapo chini.

Murithi akaweka baiskeli chini polepole, akakaa kwa jiwe. "Mama," akasema, "endelea tu kuomba."

Siku hiyo Kendi hakuenda shule. Baba yake alienda Nkubu, cheni ikaongezwa vipande. Akakaza na skrubu ndogo ya ule mkono wa cheni, usisugue gia kubwa. Mkono wenyewe ulikuwa mfupi, kwa hivyo ndogo ya mbele na ndogo ya nyuma akaacha kabisa kuzitumia pamoja, cheni isilegee. Jioni wakainua gurudumu tena, kubwa na kubwa, ikazunguka. Mama mkwe akaendelea na maombi pale alikuwa ameachia.

Kesho yake nilisimama juu ya bonde. Nikaona sweta nyekundu ya Kendi inavuka daraja, inapanda, inapanda, haishuki. Huko juu mkono mdogo ukainuka kunipungia. Nikakaa kwa nyasi na tumbo langu, nikasema asante mpaka maneno yakaisha.

Basi mwanangu, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wetu alikuwa na mguu mmoja tu mzuri. Ukiongeza kitu kikubwa maishani mwako, pima pia kile cha zamani kinakishikilia. Usijipangie siku ya akili yako nzuri peke yake, jipangie na siku utasahau. Na mkubwa akikuambia shusha mtoto, shusha kwanza, kununa utanuna baadaye.

Mungu akuvushe kila daraja, akupandishe kila kilima, na nyuma yako asianguke mtu. Na ukikutana na mzazi ana haraka asubuhi, mpe hii habari, na yeye apatie mwingine.