Mpenzi Wangu wa Lubumbashi Yuko Kitabuni

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku Gonja nikikohoa tu wanajua ni mimi. Nina miaka arobaini na tisa, mkulima wa tangawizi, zamani utingo wa malori. Nimefika Lusaka, nimefika Lubumbashi, nimekula vitu ambavyo nyie mnaviona kwenye simu. Shule niliishia la sita, ila dunia nimeisoma yote. Leo nimechoka, ndugu zangu.

Binti yangu Neema alipoenda chuo, wakati wa palizi, aliacha riwaya mbili. Ya kwanza ya majoka na falme za angani. Tamu, ila nina swali: majeshi yanapigana mwaka mzima, hakuna hata mmoja anayepalilia, wanakula nini? Ya pili ya mapenzi. Daktari anampenda muuza maua, anamwambia, "Ukicheka, uchovu wangu unatafuta pa kujificha." Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Sasa sisi huku tunamwagilia kwa zamu. Asubuhi wanaume tunakaa kwenye ndiva, bwawa letu la kijiji, tukingoja maji yajae yafunguliwe. Kungoja kunataka maneno, na mwenye maneno ni mimi. Nikawapa joka, nikasema nililiona msituni Kongo. Walicheka wakaniita mwongo. Siku ya pili nikawapa mapenzi, nikajiweka mimi mahali pa daktari, muuza maua nikamhamishia Lubumbashi. Kimya. Mzee mmoja akasahau hata zamu yake. Joka hawakuliamini. Mwanamke walimwamini.

Wiki haikuisha, Mama Neema akarudi kutoka kikundi cha kanisa, akaweka kapu chini. "Baba Neema, mtoto wako wa Lubumbashi ana miaka mingapi?"

"Mtoto gani? Ile ni hadithi ya kitabu."

"Kitabu? Wewe ambaye hata barua ya usharika unanipa mimi nikusomee?"

Nikakitoa chini ya magunia, nikamsomea ukurasa mzima, kidole kwenye mstari. Aliamini, niliona usoni. Nikadhani yameisha. Akasema taratibu, "Miaka ishirini na tatu tuko wote. Kumbe maneno haya ulikuwa nayo tangu palizi, ukawapelekea wanaume wa kwenye ndiva."

Yuko kwa dada yake Same mjini, wiki ya tatu sasa. Nikipiga anapokea, anauliza kama mbuzi wamekula, basi. Amesema atarudi nikishasimama palepale kwenye ndiva niseme hakuna mwanamke, wenzake waache kumpa pole. Zamu yangu ni Alhamisi. Nikisema hivyo, hata Lusaka yangu ya kweli hawataiamini tena. Hilo nitalimeza. Nyumba bila yeye hata uongo haunogi, namdanganya nani?

Kinachonishinda ni baada ya hapo. Nitashuka Same kumchukua, na nina hakika atangoja niseme kitu. Changu mwenyewe. Nimekaa na kalamu siku nne, mimi niliyenyamazisha ndiva nzima, nimeandika "Mama Neema" tu.

Nyie mliosoma, nianzeje? Ila maneno ya kitabuni msinipe. Hayo ameshayasikia.