Mtia Sumu wa Jukwaani

Kundi letu la maigizo lilifanyia mazoezi mtaani Bwiza, uani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Ndiye aliyetusimulia habari za mwigizaji wa Ayalandi wa karne ya kumi na nane. Alizunguka miaka mingi na vikundi maskini, akabadilisha hata matamshi yake ili apewe nafasi, mpaka akapewa kumwigiza mtu mwovu. Hakupiga kelele wala kukunja uso. Aliufanya uovu kwa utulivu, na watu wakamwogopa hata barabarani.

Rafiki yangu, fundi pikipiki, aliyapenda sana maneno hayo. Katika mchezo wetu yeye alikuwa mtia sumu, mimi jirani anayekunywa na kufa. Nilipewa nafasi hiyo kwa sababu sizungumzi sana. Alinipa glasi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Tulipoanza kuucheza kila juma mtaani Kinama, hakuna aliyepiga makofi.

Baadaye wateja wake wakapungua. Kisha mtoto wa jirani yake akaanza kutapika, na watu wakanong'ona.

Dada yake alipoolewa, yeye ndiye aliyegawa soda. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji, aone haijatiwa kitu. Akazifungua hivyo, moja moja, na hakuna aliyekunywa.

"Kunyweni basi, zinapata moto."

"Apana, mwanangu, mi nimefunga," akasema mama mmoja, wali ungali mdomoni.

Watu wakacheka kidogo. Mimi huona aibu kusimama mbele za watu nisipokuwa jukwaani, lakini nilisimama, nikapokea chupa mkononi mwake, nikainywa yote.

"Huo si ushahidi," mzee mmoja akasema. "Huyu kila juma anakufa jukwaani, kesho yake tunamuona sokoni. Hawa wanajuana."

Safari hii hawakucheka. Rafiki yangu akaendelea kufungua chupa kwa utulivu uleule. Nilitamani atetemeke, aangushe hata moja.

Ndipo baba wa yule mtoto mgonjwa akaingia, akabaki amesimama.

"Mi nitakunywa," akasema. "Lakini kwanza dada yako."

Rafiki yangu akampelekea bibi harusi chupa, kwa mikono miwili. Dada akaipokea, akaitazama, akamtazama mama yao.

"Usije ukamwagia gauni," mama akasema haraka, akamwondolea ile chupa na kuiweka chini.