Maji ya Juu ya Vitunga Vyangu

Muke wa shemeji yangu alikuwa muntu muzuri, na hiyo njo ilikuwa shida yangu. Kama angekuwa mubaya ningemuchukia na roho yangu ingetulia. Lakini alikuwa anacheka na kila muntu, anabeba watoto wangu mugongoni bila kuombwa, na vitunga vyake vilikuwa vinajaa samaki kila asubuhi. Vyangu, hapana.

Miye ni mutoto wa Kibabi, kule juu Masisi, kwa maharagi na maziwa. Niliolewa chini, mu pori ya Walikale, upande wa Pinga, miaka ile ya kwanza ya uhuru. Bwana yangu alikuwa na kaka yake mukubwa, na ule mukubwa njo alikuwa na ule muke. Tulikaa kiwanja kimoja na mama mukwe. Kwetu mboga ni maharagi. Kule mboga ni samaki, na samaki za mu vijito ni kazi ya wanawake.

Mama mukwe alikuwa na sehemu yake ya kijito, kutoka jiwe kubwa mpaka pale maji inapoingia mu matete. Alikuwa ameachiwa na mama mukwe wake. Kiangazi ikifika, wanawake wanafunga maji na udongo na migomba, wanaimwaga na mabeseni mpaka samaki wanabaki mu matope, na mwenye sehemu njo anagawa. Mwanamuke mwenye maji anaheshimiwa. Watoto wake hawalali na bugali kavu. Mwanamuke bila maji ni mugeni tu, hata akizaa kumi.

Sasa magoti ya mama mukwe yalikuwa yamechoka. Alituita sisi wawili mu jikoni yake, akasema bila kuzunguka: "Mwenye atajua kulisha hii nyumba njo nitamuachia maji. Mutege vitunga, kila muntu fasi yake. Kiangazi ikifika nitasema."

Niliitaka ile maji kuliko kitu chochote. Muke wa shemeji alichagua fasi ya juu, karibu na jiwe. Miye nilikaa chini yake kidogo. Vitunga tulisuka namna moja, na mudomo mwembamba ili samaki akiingia asitoke, na ndani tuliweka muhogo wa kuloweka ule ule. Tulikuwa tunatega jioni na kutoa asubuhi. Yeye alikuwa anarudi na vile visamaki vya ndevu, vinene, vinaruka-ruka. Miye nilikuwa natoa majani. Ao kaa. Kaa tu, kila mara kaa, na mama mukwe hakuwa anakula kaa.

Nilianza kumuangalia. Niliangalia mikono yake akisuka, mudomo wake akitega, hata namna anavuka maji. Nilifikiri ana dawa. Nilibadilisha muhogo, nikaweka kumbikumbi, nikaosha vitunga na majivu. Kaa. Bwana yangu, mudomo umejaa samaki ya muke wa mukubwa wake, alisema, "Samaki ya leo iko tamu sana." Nilitamani mufupa umukwame.

Maana alikuwa anatupa samaki. Hapo njo alikuwa ananiua kabisa. Jioni, nikiisha kutega vyangu, nilikuwa namusikia anashuka na njia, anaimba, na sehemu ya samaki yake mu kitunga kidogo. Na kule wana desturi yao: muntu hakupi samaki nzima tu hivi. Anakuja kwa maji yako, anaipasua mbele ya macho yako, anatoa matumbo, anaosha, uone ya kama hakuna kitu ameficha ndani. Watu wanaogopana kwa ajili ya sumu. Akikuletea samaki imekwisha kupasuliwa kwake, ni kama amekutukana. Basi alikuwa anachuchumaa pale juu ya vitunga vyangu, upande maji inakotoka, kwa kajiwe kamoja kalikuwa kazuri kwa kukalia, anapasua, anasuuza, matumbo na ngozi vinakwenda na maji. Na anaongea. Alikuwa muntu wa kuuliza-uliza. "Dada, kwenu maharagi munatia chumvi mwanzo ao mwisho? Dada, mbona unafunga kitambaa hivi? Mutoto analia nini?" Nilikuwa namujibu kwa neno moja-moja. Nilikuwa napokea samaki kwa mikono miwili, nasema asante, na roho inaniuma mpaka kwa mbavu.

Kiangazi ikafika. Mama mukwe hakusema maneno mengi. Alishika fimbo yake ya kupimia maji, akamupa muke wa mukubwa mbele ya wanawake wote. Wakapiga vigelegele. Na miye nilipiga, ningefanya nini?

Siku ile ile tulifunga maji, maji ya mwenzangu sasa. Tulimwaga mpaka mikono ikakufa ganzi. Akagawa, na akanigawia vizuri, kwa sababu alikuwa ana roho nzuri, si nimekwisha kusema. Nilipanda nyumbani na beseni, visamaki viko hai ndani.

Nilianza kupasua vikubwa, nikiviosha mu sufuria. Vidogo nilitaka viishi mpaka kesho, lakini maji mu beseni ilikuwa kidogo, na miye nilikuwa nimechoka kurudi kijitoni. Nikachukua ile maji ya kuoshea, nikamwaga ndani.

Vilikuwa vinaogelea juu, vinazunguka. Maji ile ilipovigusa, vyote vilishuka chini mara moja. Vikalala pale chini, kimoja juu ya kingine, hata mukia hautikisiki. Nilifikiri vimekufa. Nilitia kidole, vikakimbia, vikajificha chini ya kidole changu. Nilingoja mpaka vikaanza tena kupanda, pole pole. Nikatia kidogo maji safi ya mutungi, ile niliyoweka ya kunywa: vikaendelea kuogelea. Kulikuwa kipande cha nyama ya mbuzi mu jikoni; nikakiosha, nikatia maji yake ya damu: vikaendelea. Nikatia tena kidogo ile ya samaki. Vikashuka, vikanyamaza.

Nilikaa chini palepale. Haikuwa damu tu iliyoviogopesha. Ilikuwa ngozi ya ndugu zao iliyopasuka, na waliisikia mu maji kama sisi tunavyosikia kilio kwa jirani. Lakini samaki akisikia kilio haingii mulango huo. Kaa anaingia, kwa sababu kaa anakula maiti. Na kila jioni, kiangazi haijafika bado, kilio kile kilikuwa kinashuka moja kwa moja mu midomo ya vitunga vyangu.

Nilijiambia: hakujua. Ni desturi, angepasulia wapi? Nililala na neno hilo, nikaamuka nalo. Nilitaka liwe kweli, maana kama hakujua, basi ni bahati mbaya tu, na bahati mbaya muntu anaweza kuishi nayo.

Hakuna aliyenikataza kutega kwingine. Kulikuwa na kijito kidogo nyuma ya shamba la muhogo, maji ya kuosha miguu, hakuna muntu aliyekitaka. Nikatega kule. Jioni nikasikia wimbo unashuka na njia. Muke wa shemeji yangu alikuja na kitunga chake kidogo, samaki ndani, akamushika mutoto wangu wa mugongoni muguu kama kawaida yake, akauliza kama amekula. Kisha akachuchumaa juu ya vitunga vyangu, akatoa kisu.

"Dada," nikamuambia, "leo pasulia huku chini. Chini ya vitunga."

Aliniangalia. Miye pia nilimuangalia. Huyu mwanamuke aliyeuliza habari ya chumvi, ya kitambaa, ya kila mutoto anayelia. Nilingoja aulize kwa nini. Mungu anajua nilivyongoja.

Aliokota samaki zake, moja-moja, akapita nyuma yangu, akashuka chini ya vitunga, akachuchumaa pale, akaanza kupasua. Hakuuliza.