Harusi Yetu Ilivyoijaza Kompyuta

Miaka ile tulipokuwa tukiishi ugenini, mtaa wa Kensington, mtaalamu wa kompyuta nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa tu mtu asiyependa kutoka, na kompyuta nayo ilikuwa haitoki, tukazoeana.

Jumamosi moja mke wangu alirudi kutoka chuoni, Braamfontein, na flashi ya mwanafunzi mwenzake. Alikuwa akisomea ualimu wa chekechea, na ndani ya flashi mlikuwa na video za masomo yote ya muhula. Bila hizo, mtihani angeusikia tu kwa wenzake. Mwenye flashi angeipitia jioni ileile. Tulipoanza kunakili, kompyuta ikagoma: diski imejaa.

Nikamwambia akachemshe chai, hilo aniachie mimi. Nikafuta vipicha vyote vya kufungulia programu vilivyotapakaa kwenye kioo, kikabaki kitupu, kisafi kama sahani za wageni. Nafasi haikuongezeka hata chembe. Mke wangu, amesimama nyuma yangu na vikombe, akauliza kama nimetoa mizigo au nimeng'oa milango tu, vyumba nikaviacha vimejaa. Nikajifanya kuna kitu nasoma.

Nikaingia kwenye mechi za mpira nilizokwisha kuziona na matokeo yake nayajua, nikafuta zote. Iliniuma, na bado haikutosha. Ndipo nikayapanga mafaili kwa ukubwa, na juu kabisa tukajikuta sisi wenyewe: video ya harusi yetu ya Tanga, vipande vitatu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha kuingia ukumbini. Siku ile tulitembea kwa madaha hata ungeweza kubandika maharage tukiwa mlangoni ukayaipua tukifika jukwaani.

"Futa, mume wangu," akasema.

Nikamwambia harusi haifutwi, watu watatuelewaje. Akanijibu kuwa picha zipo kwenye albamu.

"Na bwana harusi ninaye hapa, mwaka mzima hatoki. Huyo wa kwenye kompyuta wa kazi gani?"

Kweli, mchana wote ule nilikuwa bado na nguo za kulalia. Nikafuta maingilio, nikafuta chakula, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, kwa kuwa nilishajifunza kwamba kinachofutwa hukaa kwanza humo. Nilipofika kipande cha zawadi, akanishika mkono. Humo ndimo shangazi yake, anayeuza vitenge Newtown, anaonekana akileta zulia kichwani huku akicheza. Kila Idi alikuja kwetu kunywa chai na kujitazama.

"Shangazi abaki. Sisi twende."

Tukaenda. Masomo yakaingia yote, mwenye flashi akaja akaondoka nayo. Mke wangu akavaa vipokea sauti vya masikioni, akafungua somo la kwanza, akanionyesha kwa kidole kwamba nimeketi kwenye kiti chake.

Kiti kile sikukipata tena mpaka mtihani ulipopita. Alifaulu, na bado hakukirudisha.