Paka Wawili na Ijumaa Zangu

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na moja, na dhiki ikaanza hapo. Baba alikufa Unguja, chuo cha Kurani na skuli nikaviacha, nikashika sindano nikishona kofia. Nilipofika Maskati, Omani, sikumwomba mtu kitu. Nilichokitaka nilikitafuta kwa mikono yangu, na cha mwenzangu sikukitolea macho. Mpaka alipoingia paka.

Kwetu chakula cha mchana cha Ijumaa huliwa kwa mama yake mume. Mwanangu akitoka msikitini huja na mkewe na binti yao wa miaka saba, napakua biriani, tunakula. Mwaka jana mambo yakageuka. Mkwe wangu, mama yake mke wa mwanangu, alinunua paka wa Bengal, mwenye mabaka kama chui, anayechezea maji ya bomba. Ijumaa moja mwanangu akanipigia simu: "Mama, leo tutakula kule, mtoto kang'ang'ania." Ijumaa ya pili vile vile. Biriani langu nikawapa majirani. Na huyo mkwe ni mtu mzuri, kasoma, anasema taratibu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Huna pa kumkamata.

Nikamchukua mjukuu wangu tukaenda mtaa wa Ruwi, kwenye duka la wanyama wa kufuga. Walikuwapo paka wawili wa kuchagua. Mmoja wa Bengal, mkono ndani ya bakuli, anamrushia mwenye duka maji. Wa pili wa Kihabeshi, rangi ya mdalasini, masikio makubwa, kapanda rafu ya juu kabisa anatutazama. Mwenye duka akasema wote watundu: wa Bengal anataka maji na kukimbizana, wa Kihabeshi anataka kupanda juu na kumfuata mtu chumba kwa chumba.

"Bibi, tumchukue wa Bengal," akasema mjukuu. "Awe ndugu yake yule wa bibi mwengine. Tutampeleka kule wakacheze."

"Nani kasema atapelekwa?"

"Mimi."

"Basi huyo hatumchukui. Tunamchukua Mhabeshi."

"Bibi, una wivu!"

"Wivu wa nini? Paka gani anaoga kama bata?"

"Na huyu ana masikio kama yako."

"Bora. Nikimwita atasikia."

Kwangu mtu hakaribishwi bila udi. Tulipofika nyumbani nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka udi ninaouweka kwa harusi, nikamshika paka nikampitisha juu ya moshi kama ninavyofukiza nguo. Alinikwaruza mkono, akaruka kwenye pazia, akaishia juu ya kabati la vyombo.

"Bibi! Paka hafukizwi!"

"Ningejuaje? Wageni wote hupenda."

Wiki nzima hakushuka mbele yangu. Chakula alikula nikishalala. Nilimwita, nikamwekea samaki, akanitazama kama mdai. Ijumaa asubuhi mjukuu akapiga simu.

"Bibi, keshashuka?"

"Bado."

"Basi mie nakwenda kwa bibi mwengine."

Nikampigia mkwe, mimi nisiyezoea kumwomba mtu.

"Bi mkwe, njooni mule kwangu leo nyote. Paka wangu hataki kushuka."

"Umemfanya nini, mwenzangu?"

"Nimemfukiza."

Alicheka mpaka nikataka kukata simu. Lakini alikuja, pamoja na mwanangu, mkewe na mjukuu. Akafungua madirisha, akaniambia chetezo nikitoe nje, akakaa chini kwenye zulia, akaburura ncha ya mtandio wake huku na huku, wala hakumtazama paka. Mhabeshi akatoa kichwa. Akashuka kwenye kiti, akaurukia mtandio, akachezacheza nao mpaka akachoka, kisha akalala mapajani mwa mkwe. Mapajani mwake, si mwangu!

"Mzuri huyu," akasema. "Kuliko wangu."

"Najua," nikamjibu.

Mjukuu wangu akala sahani mbili. Alipokuwa akiondoka akaniambia, "Bibi, Ijumaa ijayo mwite tena bibi mwengine, ndo ntakuja."

Nikamwita. Na nyengine nikamwita.

Leo nna nyumba ya ghorofa mbili Ansab, maduka mawili ya kofia na kanzu Ruwi, gari, dhahabu yangu niliyoinunua mwenyewe, na paka mmoja wa Kihabeshi. Ijumaa zote ni zangu, na mkwe wangu kakaa katikati ya sebule, paka kamlalia.